Nani Anatugandisha? Historia ya Ramani za Gemu na Watu Wanaoachwa Nje

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya UE. Mitihani imeisha, nani kapeta na nani kasup matokeo yatasema yenyewe. Leo siandiki habari za boom wala foleni ya kafteria. Leo naandika historia, maana ndiyo iliyonileta chuo, na wengi wenu mnadhani historia ni Mkutano wa Berlin na Majimaji basi. Hata gemu mnazochezana usiku bwenini zina historia, tena yenye sababu za mbali na sababu za karibu kama ile ya Vita Kuu ya Kwanza.

Suala lenyewe ni hili. Bwenini kwetu watu wanacheza Warcraft III, gemu ya mwaka 2002, yaani wengine humu ilitoka hawajazaliwa. Inapendwa kwa sababu inakubali kwenye laptopu kuukuu, na mkiunganisha kwa nyaya haili bando. Tena hawachezi ramani zilizokuja na gemu. Wanacheza zile zilizotengenezwa na watu baki, ambazo ziko kibao. Sasa kila usiku ni kelele: ramani ya huyu haifunguki, yule kadondoka katikati ya vita, wote mmeganda mnatazamana. Na hukumu ni ile ile, mwenye laptopu mbovu atoke. Mimi nasema hukumu hiyo mara nyingi inatolewa bila ushahidi. Ukijua historia ya hizi ramani utajua pa kuutafuta.

DOOM NA BAO LA KWENYE SIMU

Tuanzie Marekani, Desemba 1993, kampuni ndogo ya id Software inatoa gemu inaitwa Doom. Kwetu sisi mambo mawili ndani yake ndiyo muhimu. La kwanza, ramani na picha ziliwekwa kwenye faili la pembeni, lenye kiishio cha WAD, badala ya kuchanganywa na programu yenyewe. John Carmack, fundi wao mkuu, alifanya vile ili watu waweze kuweka vya kwao, na haukupita muda watu wakaanza kutengeneza ramani zao. La pili, watu mpaka wanne waliweza kucheza pamoja kwa kuunganisha kompyuta.

Hapa sikilizeni vizuri maana ndipo ugonjwa wote ulipoanzia. Doom haikuwa na seva inayotunza dunia ya gemu. Kila kompyuta ilikuwa na dunia nzima ndani yake, na kilichosafiri kwenye waya ni habari za vitufe tu: fulani kaenda mbele, fulani kafyatua, mara 35 kwa sekunde.

Fikiria wazee wawili, mmoja Tanga mwingine Kigoma, wanacheza bao kwa simu. Kila mmoja ana bao lake mbele yake. Hawatumiani kete, wanaambiana tu "nimeanzia shimo la tatu, naelekea kulia." Kila mmoja anauchezesha ule mtaji kwenye bao lake na mabao yote mawili yanabaki sawa. Inapendeza na ni rahisi. Lakini kuna masharti mawili. Kwanza, lazima wasubiriane. Simu ya Kigoma ikikata, mzee wa Tanga hawezi kugusa kete. Pili, lazima mabao yaanze sawa na yabaki sawa. Ikipungua kete moja upande mmoja, mizunguko miwili mitatu hakuna atakayejua, halafu ghafla mmoja anasema "nimekula" na mwenzake anaona shimo tupu. Hapo hakuna wa kuamua nani mkweli, bao limekwisha.

Kusubiriana na kufanana. Shikeni hayo mawili, ndiyo mzizi wa mengi yanayowagombanisha bwenini.

Kwenye Doom yote mawili yalionekana mapema. Ukiwa na WAD tofauti na ya mwenzako, gemu ilikatika na kuandika kwamba hali za mashine hazilingani. Halafu toleo la kwanza lilikuwa na tabia mbaya ya kupiga kelele kwenye mtandao mzima badala ya kumnong'oneza anayehusika. Kila pakiti ilifika kwa kila kompyuta ya jengo, hata ya mhasibu anayefanya mahesabu yake. Mitandao ya ofisi na vyuo ilizidiwa, na kuna sehemu Doom ikapigwa marufuku. Toleo la 1.2 la mwaka 1994 ndilo lililoondoa tabia hiyo. Oneni, hata wakati ule lawama zilimwendea mchezaji, na dawa ikapatikana kwenye programu.

MISHALE 1,500 KWENYE WAYA WA SIMU

Mwaka 1997 ikaja Age of Empires, ambayo wengi mnaijua. Paul Bettner na Mark Terrano walioshughulika na upande wa mtandao wa gemu ile waliandika makala mwaka 2001 kueleza walivyofanya. Tatizo lao lilikuwa hivi: wachezaji wanane, majeshi makubwa, na watu wanatumia modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Hesabu ni rahisi. Kilobiti 28.8 ni kama baiti 3,600 kwa sekunde, mambo yakienda vizuri kabisa. Ukiwa na askari 1,500, na kila mmoja unataka kutuma baiti 4 tu kusema yuko wapi, hiyo ni baiti 6,000 kwa mara moja. Haipiti.

Wakafanya kama wale wazee wa bao. Wanatuma amri tu, si askari. Muda unakatwa vipande vya kama sehemu ya tano ya sekunde, na amri unayotoa sasa inatekelezwa kipande cha pili mbele, ili wote waipate kabla haijafanya kazi. Gemu inajipima yenyewe: mashine moja ikiwa nzito au laini moja ikisuasua, mwendo wa wote unapunguzwa uendane nayo. Nawaomba muweke alama hapo. Mwendo wa gemu nzima unawekwa na aliye nyuma kabisa.

Na sharti la kufanana nalo liliwatesa. Wanasimulia kwamba paa mmoja tu akiwa amesimama tofauti kidogo kwenye mashine moja, atakula majani njia tofauti, baada ya dakika kadhaa mwanakijiji aliyemfuata atakosa kumchoma mkuki, nyama haifiki nyumbani, na dunia mbili zimeshaachana. Ile kete moja iliyopungua, ndiyo hii.

ZAMA ZA MAFUNDI WA MTAANI

Sasa tuje kwenye Warcraft III ya kampuni ya Blizzard, Julai 2002, na nyongeza yake The Frozen Throne, Julai 2003. Blizzard walishajaribu kuwapa watu kifaa cha kutengenezea ramani kwenye StarCraft mwaka 1998. Safari hii walitoa kifaa kipana zaidi, World Editor, pamoja na lugha ya amri inayoitwa JASS. Vijana wasio na ajira kwenye kampuni yoyote ya gemu wakaanza kufanya maajabu. Mwaka 2003 mmoja anayejulikana kwa jina la Eul akatoa Defense of the Ancients, yaani DotA, kwa kufuata wazo la ramani ya StarCraft iliyoitwa Aeon of Strife. Kijiti kikapokelewa na Guinsoo, halafu mwaka 2005 na IceFrog. Watu watano kwa watano, ramani moja, mamilioni wakaipenda.

Lakini fikiria hawa mafundi walikuwa wanafanya kazi kwenye mazingira gani. Kwenye Battle.net, mtandao wa Blizzard, aliyefungua gemu ndiye aliyekuwa mwenyeji. Ukiingia huna ramani, unaivuta kutoka kwenye kompyuta yake, kwa laini yake. Faili la ramani liliwekewa kikomo cha MB 4. Leo MB 4 ni picha moja ya simu, mtu anacheka. Kwa modemu ya kilobiti 56, hata ikienda kwa kasi yake yote ya KB 7 kwa sekunde, MB 4 ni karibu dakika 10. Na kama mwenyeji ana laini ya kupandisha kilobiti 128, yaani KB 16 kwa sekunde, na wageni tisa wote hawana ramani, wanagawana zile 16. Piga hesabu, ni dakika 38 kabla hata mchezo haujaanza. Ndiyo maana wenyeji walizoea kumtimua anayeingia bila ramani. Kosa lake ni kuwa mgeni tu, basi.

Wenye seva za Counter-Strike walikuja kupata njia nyingine: seva inamwelekeza mgeni akachukue ramani kwenye tovuti ya pembeni, ili laini ya mchezo isibebe mzigo huo. Wa Warcraft III hawakuwa na njia hiyo ndani ya gemu. Wao walikondesha ramani. Muziki ukakamuliwa kuwa MP3 ya ubora mdogo au ukafutwa. Picha zikapunguzwa rangi. DotA kwa sehemu kubwa ilitumia sanamu zilizomo tayari kwenye diski ya gemu, zikabadilishwa jina, ukubwa na rangi, maana kitu ambacho kila mtu tayari anacho hakina haja ya kusafiri. Wengine walipitisha ramani kwenye programu za kufuta maelezo na nafasi zisizo na kazi. Huku kote kukondesha maana yake moja: mtu wa modemu naye aingie.

Kikomo cha MB 4 hata hivyo hakikutibu kila kitu, maana ramani nyepesi kuivuta inaweza kuwa nzito kuifungua. Hapa watu wengi wanachanganya. Faili limebanwa, likifunguliwa linavimba kwenye kumbukumbu ya mashine. Ramani yenye mamia ya aina mpya za askari na uchawi inachukua muda kusomwa hata kama faili lenyewe ni dogo. Na kwenye kioo cha kusubiri majina yanawaka moja moja kadiri kila mtu anavyomaliza, hakuna kuanza mpaka wa mwisho awake. Kusubiriana kule kule.

Halafu kuna vitu ambavyo havisomwi mwanzoni. Uchawi fulani ukitumika mara ya kwanza, mashine inakwenda kuutafuta kwenye diski, inashtuka. Mashine nzuri inashtuka kidogo hujui, mbovu inanyamaza sekunde kadhaa, na wenzake wote wanaona dirisha la "tunawasubiri wachezaji." Mafundi wakajifunza ujanja: mwanzoni kabisa tengeneza askari mmoja aliyefichwa, mpe uchawi wote, halafu mfute. Kila kitu kinakuwa kimeshasomwa. Ramani inachelewa kidogo kufunguka, ila ndani haikwami.

Ugonjwa mwingine ni uchafu. Kwenye JASS ukitaka kusema "pale" unatengeneza kitu kinachowakilisha mahali, ukitaka kusema "hawa" unatengeneza kundi. Usipovifuta ukimaliza, vinabaki kwenye kumbukumbu. Ramani inayofanya hivyo mara kadhaa kwa sekunde itakuwa tamu dakika 10 za kwanza, na dakika ya 50 inatembea kama daladala imepakia magunia. Wanaoanza kudondoka ni wenye kumbukumbu ndogo, na wote mtasema ni laptopu zao. Kumbe ramani ndiyo haikufagia.

Mwisho ni lile sharti la kufanana. JASS ina amri inayoitwa GetLocalPlayer, ambayo kazi yake ni kuuliza: mashine hii ni ya mchezaji gani? Ukiitumia kusogeza kamera ya mtu mmoja au kumwonyesha maandishi yeye peke yake, hamna tatizo. Ukiitumia kuumba askari, umeweka kete ya ziada kwenye bao moja. Dunia zinaachana na gemu inamtoa mtu papo hapo. Huyo hakukatika mtandao wala mashine yake haikuzidiwa. Kafukuzwa na kosa la aliyeandika ramani.

MWAKA 2009

Mwaka 2009 una mambo matatu ya kukumbuka. Blizzard walipandisha kikomo cha ramani kuwa MB 8. Halafu Agosti, toleo la 1.24 likaziba tundu kwenye JASS ambalo mafundi walikuwa wanalitumia miaka mingi kuhifadhi taarifa zao. Ilikuwa imegundulika kwamba tundu lile linaweza kupitisha amri ngeni mpaka ndani ya kompyuta ya mchezaji, kwa hiyo kuziba ilikuwa lazima. Ila ramani kibao zilikufa siku ile, hasa zile ambazo mafundi wake walishaacha gemu na hakukuwa na wa kuziandika upya. Hivyo ukikuta ramani ya zamani haifunguki kabisa kwa mtu yeyote, kwanza uliza imeandikwa kabla au baada ya 1.24.

La tatu linatuhusu sisi. Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi pwani ya Afrika Mashariki. Kabla yake intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea sana setilaiti, na setilaiti zile zinakaa kama kilomita 36,000 juu. Ujumbe unapanda, unashuka, jibu linapanda, linashuka: kilomita 144,000. Kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde, na hapo hujahesabu ucheleweshaji mwingine wowote. Kwenye gemu ambayo wote wanasubiriana, mtu wa Dar au Mombasa aliyeingia chumba cha Wazungu alikuwa ndiye yule mzee ambaye simu yake inakatika. Hata angekuwa na kompyuta ya bei gani, nusu sekunde ile haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya jiografia.

Oktoba mwaka huo huo ikatoka League of Legends, na Guinsoo wa DotA alikuwa kwenye timu yake. Dota 2 ya Valve ikafuata rasmi Julai 2013, IceFrog akiwa humo. Hizi zilibadilisha mfumo. Dunia ya gemu inakaa kwenye seva ya kampuni, wewe unapewa habari zake. Ukichelewa, unachelewa peke yako, wenzako wanaendelea. Ukidondoka, unarudi. Ni maendeleo, sikatai. Ila kuna kilichopotea: anayechelewa sasa si tatizo la mtu mwingine, na League of Legends huwezi kuifungua kwa waya na swichi bwenini bila kupita kwa wenyewe.

SASA USIKU HUU MFANYEJE

Mwanahistoria anapima ushahidi kabla ya kuhukumu. Kabla hamjamtoa mtu, angalieni hivi.

Kwanza, kama mtu anakwama anapovuta ramani, msimsubirishe kwenye chumba. Mpeni faili kwa flashi, toleo lile lile, maana jina likiwa sawa na yaliyomo yakiwa tofauti gemu halikubali. Na mwenyeji awe mwenye mashine na laini nzuri kuliko wote.

Pili, kama ramani imeshafika lakini jina lake linachelewa kuwaka, hiyo ni kumbukumbu na diski. Afunge programu nyingine zote, achomeke chaja maana laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinapunguza mwendo. Jaribuni ramani ndogo. Ikifunguka haraka, mmejua uzito uko wapi.

Tatu, kama anadondoka baada ya dirisha la kusubiri kutokea, ni mtandao au mashine kuzidiwa. Mtoeni kwenye waifai mumpe waya. Warcraft III inatuma ujumbe kwa foleni, mmoja ukipotea njiani wanaofuata wanasubiri utumwe upya, na wote mnaganda.

Nne, kama anatoka ghafla bila dirisha lolote kutokea, mshukuni aliyeandika ramani kabla ya aliyeshika laptopu. Hasa ikiwa inatokea kila mara kwenye tukio lile lile.

Tano, kama mwanzo mzuri na mwisho mzito, tena kwa kila mtu kidogo kidogo, ramani inaacha uchafu. Badilisheni ramani.

Mkishapita hapo kote na bado ni laptopu yake, sawa, imethibitika. Hata hapo mjue gemu hii iliundwa iende kwa mwendo wa aliye nyuma, na mafundi wa ramani waliishi na sharti hilo. Walikata muziki wao wenyewe na picha zao wenyewe ili mtu wasiyemjua, mwenye modemu, aweze kuingia. Sisi tunaosomea ualimu tutapewa darasa la watoto 80, na wa nyuma kabisa atakuwepo. Kabla ya kusema hafundishiki, itabidi tuangalie na lile somo tuliloliandaa limebeba nini.

Haya, nimeandika sana leo. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa, nitawaletea habari za maandalizi ya mazoezi ya kufundisha. Msuli mwema kwa wenye sapu.